Neno Alilosikia Nakisige

"Wewe Juwairiya, huo moshi wako unamwita nani?"

Nakisige aliuliza hivyo siku moja, zamani kidogo, akiwa ameegemea mlango wa chumba chake pale Bugembe, nje kidogo ya Jinja, na mtoto mgongoni. Alikuwa anacheka. Juwairiya naye alicheka. Alikuwa amechuchumaa uani penye chetezo chake, anajaribu udi mpya kabla ya kuupeleka sokoni, akajibu, "Unawaita wateja, mwenzangu. Wewe huwaoni?" Wakacheka wote wawili, kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Sasa swali lile lile lilikuwa ndani ya maelezo ya polisi. Kicheko hakikuandikwa.

Inspekta Topista alilirudia kichwani tangu Iganga mpaka alipoanza kuiona milima ya Mbale. Alikuwa mpelelezi wa siku nyingi, mwanamke mwembamba asiyependa kupaza sauti, na si mtu wa kuogopa ovyo. Lakini leo kila alipoona takataka zinachomwa kando ya barabara alipandisha kioo cha gari haraka, kisha akajionea aibu, akakishusha tena.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Siku ya Idi, Jibril, fundi wa kuchomelea vyuma, alifariki chumbani kwake kabla jua halijatua. Chumba chake kilikuwa katikati: upande mmoja Juwairiya, mjane wa Kinubi auzaye udi, upande mwingine Nakisige na mumewe Gidudu. Waislamu wenzake walimwosha na kumzika jioni ile ile. Polisi walikuja kuambiwa kesho yake, tena aliyewaambia ni Nakisige. Alisema alfajiri ya Idi alimsikia Juwairiya kupitia ukutani akimwambia marehemu, "Pokea sahari yangu, ule yote, usibakize."

Sahari. Miezi miwili nyuma neno hilo hakuna Msoga wala Mgisu aliyelijua. Ila kila Jumamosi redio moja ya Mbale ilikuwa inasimulia hadithi ya wachawi wa Omdurmani, na Bugembe nzima ilikaa kimya kusikiliza: saluni, gereji, hata wachoma nyama kando ya barabara kuu. Hadithi ya zamani sana, ya wakati wa babu wa mababu wa Wanubi, kabla jeshi lao halijaletwa huku Uganda. Mji wa udongo penye kukutana mito miwili. Wanawake saba waliuza moshi sokoni. Ukiununua, mmoja wao anakuita kwa jina la mama yako. Kwanza unaona moshi mweupe mahali pasipo na moto, halafu giza, halafu moyo wako unakutwa umelala ndani ya kikapu chao, umefunikwa vizuri kwa kawa la rangi. Msimulizi alisema kwa Kinubi mchawi wa namna hiyo anaitwa sahari. Akasema mmoja wao alilifuata jeshi mpaka huku kusini, na ukoo wake ungali unafukiza.

Bugembe walijua ni nani anayefukiza.

Hayo yote Topista angeyatupa kando. Kuna mawili yalimshinda. La kwanza, maneno ya mwisho ya Jibril, ambayo majirani wote waliyasikia, hata wale wasiompenda Nakisige. Alikuwa amelala mkekani mchana kweupe, macho wazi, analia: "Toeni moshi! Mbona mmejaza moshi nyumbani?" Na moshi haukuwapo. Juwairiya alikuwa hajarudi kutoka sala ya Idi, chetezo chake baridi kama jiwe la mtoni.

La pili lilikuwa ndani ya simu yake.

*

Msimulizi wa redio aliitwa Nulu. Alipanga vyumba viwili Namakwekwe, mtaa wa Mbale, nyuma ya duka la vipodozi, na mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani mchana ule. Topista alibisha mpaka mkono ukamuuma. Hatimaye jicho likachungulia pembeni ya pazia.

"Nani?"

"Polisi, mama. Inspekta Topista, kutoka Jinja."

"Kitambulisho kiweke hapa kwenye kioo."

Akakiweka. Komeo likalia. Mwanamke mnene wa makamo alifungua kidogo tu, mwiko mkononi, shela imemwangukia mabegani.

"Afande, kama umekuja kunikamata kwa sababu ya hadithi, ngoja kwanza nifunike sufuria."

"Sijaja kukukamata. Nimekuja kukuuliza neno."

"Neno!" Nulu akafunga tena mlango nyuma yao, akaujaribu kwa kiganja. "Simu yangu haipoi. Mmoja ananiuliza mchawi wa saba anakaa nyumba gani Bugembe. Mwingine anataka namba yake, ana mke mwenza anayemsumbua. Jana mwanamume amenipigia ananiambia, wewe ndiye uliyewaleta, wewe utawatangulia. Na sauti yake ni ya mtu mzima kabisa, mtu wa heshima. Tangu hapo sijatoka."

"Wachawi hao ulifundishwa na nani?"

"Na nani? Nimewatunga hapa hapa, nikipepeta mchele."

"Na Omdurmani?"

"Bibi yangu alikuwa akilitaja jina. Basi. Mimi mwenyewe mwisho wangu ni Busia." Hakucheka. "Afande, kuna mtu ameumizwa?"

"Kijana amekufa. Na mwanamke wa Kinubi, jina lake Juwairiya, yuko kituoni Bugembe. Tumemweka ndani ili asiuawe. Watu wamezunguka kituo tangu asubuhi, na polisi waliopo pale hawatoshi."

Nulu akakaa taratibu kwenye kigoda, mwiko bado mkononi.

"Kuna jambo baya zaidi," Topista akasema. "Amekiri. Sikiliza."

Akabonyeza simu. Sauti ya Koplo Opio, mkuu wa kituo kile kidogo, ikatoka nzito, na nyuma yake sauti ya mwanamke, ndogo, imechoka.

"Mama, wewe ulimpa Jibril sahali?"

"Nilimpa."

"Mara ngapi?"

"Kila siku. Mwezi mzima. Mungu anajua."

"Alikula yote?"

"Yote. Nilisimama mpaka amalize."

"Sasa kwa nini ulimfanyia hivyo?"

Tasbihi ikasikika ikigongana. Halafu: "Hana mama."

Topista alikuwa ameisikiliza mara nyingi, na kila ilipofika pale mwili ulimsisimka. Hata sasa, mchana, na harufu ya kitunguu ikitoka jikoni, alijikuta ameshika msalaba mdogo wa shingoni mwake.

"Rudisha," Nulu akasema.

Akarudisha.

"Tena."

Akarudisha tena. Nulu alijiziba mdomo. Mabega yakaanza kumtikisika, na Topista akadhani analia. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyeponea ajalini. Kisha kikageuka kweli kuwa kilio.

"Ya Rabi! Afande, huyo koplo wako ni Mwislamu?"

"Hapana."

"Na wewe?"

"Mimi ni Mkatoliki."

"Basi nisikilizeni, enyi mapadri. Sahari ni mtu. Ni mchawi mwenyewe, na mikono na miguu yake. Utampaje kijana wa watu mchawi ndani ya bakuli, ale asibakize?" Akajipangusa macho. "Alisema sahuri. Sa-hu-ri. Chakula cha kabla ya alfajiri, Ramadhani. Huku kwenu Waislamu wote wanakiita daku, Waganda wanakiita daku, Wasoga wanakiita daku. Sahuri tunasema sisi Wanubi, tena siku hizi wamebaki wazee. Kijana hana mama wa kumwamshia chakula, mjane akamwamshia. Hilo ndilo mnataka kumchomea mtu? Uji?"

Topista alibaki ameishika simu hewani. Alijaribu kulisikia lile neno upya, na kweli, lilikuwamo katika swali la Opio tu. Mama yule hakulitaja mara moja. Aliulizwa kitu kwa matamshi ya mtu wa mbali, akaelewa alichozoea kuelewa, akajibu.

"Kwa hiyo jirani alisikia kweli," akasema polepole. "Hakutunga."

"Alisikia. Ukuta wa vyumba vya kupanga una siri gani?"

"Alisikia alfajiri ya Idi."

Nulu akainua uso. "Ya nini?"

"Ya Idi. Ameapa. Siku ile aliyokufa kijana."

"Hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Afande, Idi ni kufungua. Kufunga siku hiyo ni haramu. Nani ataamka kupika sahuri ya saumu isiyokuwapo? Na huyo mama, kwa sauti hiyo ninavyoisikia, anajua dini yake." Akatikisa kichwa. "Alisikia siku nyingine. Siku ya Idi hakusikia kitu."

Topista akasimama, akaenda mpaka dirishani, akarudi. Kama Nakisige alilichukua neno la siku nyingine akalibandika siku ya kifo, basi siku ya kifo ilikuwa na kitu kilichotakiwa kufunikwa.

"Niambie jambo moja la mwisho, mama. Ule moshi mweupe wa hadithi yako. Mtu anauona, hakuna moto. Hilo nalo ulilitunga?"

Nulu aliuweka mwiko chini. Alitazama mlango.

"Hilo hapana," akasema. "Hilo nililiona. Nilikaa Namatala zamani, na jirani yangu alikuwa mbeba mizigo. Alikunywa waragi, pombe ile ya kutiwa sijui dawa gani ya kiwandani ili iwe kali. Kesho yake asubuhi akaniambia, Nulu, mbona umewasha kuni ndani, sikuoni vizuri. Sikuwa nimewasha kitu. Aliona cheupe tu, kila mahali. Jioni akafa. Maneno yake hayajanitoka, Mungu amrehemu. Nilipopata wachawi wangu, nikawapa."

Simu ikalia mkononi mwa Topista, wakaruka wote wawili.

Alikuwa Opio. Nyuma yake kulikuwa na kelele kama za uwanjani.

"Afande, watu ni mingi sana. Wanasema tuwape mama ama wataingia. Wameleta matairi."

"Nani anawaongoza?"

"Gidudu. Bwana ya huyu Nakisige. Ndiyo iko mbele, anasema mchawi amemwekea hata yeye moshi kwa macho. Tangu asubuhi analia moshi, moshi. Watu wakisikia hivyo wanapata wazimu."

Topista akamgeukia Nulu, simu sikioni.

"Opio. Nakisige anauza nini pale nyumbani kwake?"

"Anauza... nyanya, Afande."

"Na nini?"

"Kitu kidogo."

"Opio!"

"Waragi. Lakini hiyo watu wote wanajua."

"Hata wewe ulijua."

Koplo akaanza kujieleza, Topista akamkatiza.

"Nisikilize vizuri. Mpeleke Gidudu hospitali sasa hivi."

"Nimejaribu mbele, nilifikiri ni macho tu. Amekataa. Anasema hospitali haiwezi uchawi, anataka mama amtolee. Nikimshika kwa nguvu hawa watu watasema polisi iko na mchawi."

"Basi mwite Nakisige, mwingize ndani, usimwambie kwa nini. Na asitoke. Mimi nawapigia Jinja wakuletee watu, naja."

Nulu alikuwa amesimama mlangoni, ameshafungua komeo mwenyewe. "Nitatangaza redioni," akasema. "Nitasema nilitunga."

"Tangaza," Topista akasema akikimbilia garini. "Ila wenye mawe mkononi hawasikilizi redio."

*

Barabara ilikuwa ndefu, na Topista alisali rozari yote kwa midomo bila sauti huku dereva akipita malori ya miwa. Walipokaribia Bugembe jua bado lilikuwa juu. Watu walikuwa wamejaa kutoka kituoni mpaka ukingo wa barabara kuu, na askari wachache walioongezwa kutoka Jinja walisimama wamebanana mlangoni, vidole kwenye bunduki. Vijana, wanawake wenye watoto mgongoni, wazee waliopaswa kuwa wanakataza. Matairi yalikuwa yamepangwa, hayajawashwa. Kilichomtisha zaidi ni kwamba hawakupiga kelele tena. Wengi walikuwa wamejifunga vitambaa puani.

Akashuka. Wakampisha, kwa shida.

Gidudu alisimama getini, mwanamume wa nguvu, mtu wa kazi za kubeba, mkono mmoja ameutanguliza mbele kama anayepapasa ukungu wa mlima Elgoni asubuhi. Topista akasimama mbele yake kabisa, uso kwa uso.

"Nani huyo?" Gidudu akauliza.

"Ni mimi, Afande Topista. Hunioni?"

"Naona cheupe. Mwambie huyo mama atoe moshi yake, tumsamehe. Mwambie, afande." Sauti ya mtu mzima, na midomo inatetemeka. "Kichwa inapasuka."

"Nitamwambia. Kaa chini hapa, usiende mahali."

Ndani, chumba kilikuwa kidogo na kimefungwa madirisha. Juwairiya alikaa sakafuni kwenye kona, tasbihi mkononi, viatu vyake vimepangwa kando kama yuko msikitini. Nakisige alikaa kwenye benchi, mbali naye kadiri ukuta ulivyoruhusu, amejifunga kitenge mpaka chini ya macho. Opio aliegemea mlango kwa mgongo.

Topista akavuta kiti, akakaa mbele ya Nakisige. "Shusha hicho kitenge nikuone. Sema tena ulichosikia."

"Nimesema, nyabo afande. 'Pokea sahali yangu, ule yote.'"

"Siku gani?"

"Idi. Alfajili."

"Labda ilikuwa siku ya nyuma yake. Mtu anasahau."

"Ningesahau? Ndiyo siku amekufa. Ni Idi, naapa."

"Sawa." Topista akageuka. "Mama Juwairiya, alfajiri ya Idi ulimpelekea Jibril nini?"

Mwanamke yule akainua macho, ameshangaa. "Idi? Sikumpelekea kitu. Saumu imekwisha, sahuri ya nini tena?"

"Sahuri ni nini?"

"Chakula, Afande. Nyinyi mnasema daku. Uji na mkate wetu wa kumimina."

Opio alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyaga mwiba. Akajishika paji la uso, akageukia mlango.

"Daku?" Nakisige akasema. Alimtazama Juwairiya, akamtazama Inspekta. "Ilikuwa daku?"

"Ilikuwa daku. Wewe ulisikia lini?"

"Mwezi mzima," Nakisige akanong'ona. "Mwezi mzima nasikia. Pokea, kula, pokea, kula. Bambi, masikini mimi, na redio inasema vile. Nilikuwa nafunika mtoto kichwa."

"Naamini uliogopa. Lakini siku ya Idi hukusikia kitu, na umeapa ulisikia. Jioni ya nyuma yake, mwezi ulipoonekana, Jibril alikuwa wapi?"

"Sijui."

"Vijana wengi wakiona mwezi wanapita mahali. Alipita kwako?"

"Jibril hanywi."

"Sijasema kunywa."

Nje mtu alipiga jiwe moja juu ya bati. Likabingirika mpaka mwisho, wote wakalisikiliza. Juwairiya akafumba macho, midomo ikiendelea na dhikri.

"Nakisige," Topista akasema, na akaishusha sauti zaidi, "mimi nakuogopa wewe kuliko huyu mama. Nikuambie kwa nini. Bwana yako yuko pale nje, nimesimama mbele yake hakunijua. Anaona kile alichoona Jibril. Kama ni uchawi, polisi hatuna dawa, tutamwacha pale pale, na unajua Jibril hakuona jua likitua. Kama ni waragi, daktari ana la kufanya. Lakini lazima ajue, na lazima ajue sasa. Si kesho."

Nakisige akatikisa kichwa, akaendelea kutikisa.

"Mimi siwezi kumvuta kwa nguvu, wataniua. Maneno yangu hawatayaamini. Yako wataamini."

"Watanichoma mimi."

"Sitawaacha."

"Huyu ulisema hivyo hivyo?" Nakisige akamnyooshea Juwairiya kidole. "Ulimwambia hutawaacha? Angalia wako pale!"

Topista alitazama dirisha lililofungwa. Kutoka nje sauti ya Gidudu ikapanda, si ya hasira tena: anamwita mkewe, anauliza mbona jua limezimwa mapema.

Mwanamke yule akainama mpaka paji likagusa magoti.

"Alikunywa jana," akasema ndani ya kitenge. "Nilimkuta na kikombe. Alikuwa anatafuta moyo ya kuja hapa. Nilitaka kumwambia usinywe hiyo, lakini angeuliza kwa nini."

"Iko wapi?"

"Jelikeni, chini ya kitanda. Nilinunua kwa mtu mpya, ilikuwa kali sana, nilifurahi. Jibril alipokufa nikajua. Niliogopa kuimwaga, halufu ingetoka ua mzima."

"Nani mwingine alikunywa?"

"Wao wawili. Hiyo nilifungua mwezi ulipoonekana. Sijauza tena. Naapa... hapana, siapi. Ni kweli."

"Njoo."

Opio akafungua dirisha, upande mmoja tu. Topista akasimama begani kwa Nakisige, karibu kiasi kwamba jiwe lolote lingewapata wote. Yule mwanamke akashika ukingo wa dirisha. Kisha akapiga ukelele kwa Kisoga, halafu akaurudia kwa Kiswahili kwa ajili ya Wagisu na wa kaskazini: si moshi ya mama, ni waragi yangu, Jibril alikunywa, Gidudu amekunywa, mumpeleke, mumpeleke, anakufa.

Hakuna aliyetupa kitu. Topista akadhani hawakuelewa. Ndipo mzee mmoja akashika mkono wa Gidudu, na kijana mmoja ule mwingine, wakamwelekeza kwenye pikapu ya polisi iliyomleta Topista, hatua kwa hatua, na yeye akiuliza, "Amekubali kuitoa? Amekubali?" Opio akaruka nyuma pamoja naye. Gari likaondoka kuelekea Jinja likipiga honi.

Kama wangewahi, Topista hakujua. Alituma askari wawili wakalichukue lile jerikeni, akawaambia walibebe mbali na pua zao. Kisha akarudi kukaa.

"Mama," akamwambia Juwairiya, "huna kosa. Gari likirudi nitakufikisha nyumbani mwenyewe."

Juwairiya aliizungusha tasbihi vidoleni. "Kijana alikunywa usiku wa mwezi?"

"Ndiyo, mama."

"Nilimpigia pasi kanzu ya Idi. Asubuhi nilimgongea, akasema kichwa, tangulia. Nikamtangulia." Hakulia. "Alifunga yote. Hakuacha hata moja."

Nakisige alishuka kwenye benchi, akapiga magoti kwenye saruji kama wanavyopiga magoti wanawake wa Busoga mbele ya mkwe. "Dada, nisamehe. Tumekaa vizuri miaka yote. Nilikuogopa. Hata sasa hivi, nikikuangalia, naogopa, sijui kwa nini. Nisamehe."

Juwairiya alimtazama muda mrefu, kama anayetafuta uso wa mtu aliyemjua.

"Mwezi mzima ulinisikia," akasema. "Chakula kilikuwa kingi. Ungegonga tu ukuta, ningekuletea na wewe."

Nakisige akanyoosha mkono kushika pindo la nguo yake. Juwairiya aliivuta nguo, polepole, bila kumgusa. Akainuka. Akavaa viatu, akajitanda shela vizuri mbele ya wote, akasogeza kiti cha Inspekta kilichomzibia njia na kukirudisha mahali pake.

"Mama, ngoja gari," Topista akasema. "Hao watu bado wako."

Mwanamke yule akafungua mlango mwenyewe. Nje watu walirudi nyuma kumpisha, wakampa migongo, na wale waliokuwa na vitambaa puani walivikaza zaidi. Alishuka ngazi katikati yao bila kuongeza neno, akafika barabara kuu, akashika njia isiyokwenda nyumbani kwake.